Uvimbe wa Baba na Tuhuma Zetu

Mama ndiye aliyeanza kushuku. Ilikuwa Jumapili, tuko uani kwa wazazi wangu, mtaa wa Kampemba, yeye anatwanga majani ya sombe na mimi namenya vitunguu, akaniambia bila kuinua kichwa, "Mwanaume mwenye kufula vitambaa vyake mwenyewe, iko kitu anaficha."

Nikamwuliza vitambaa gani.

"Vya mukono. Vya kupangusia jasho. Miaka yote manguo ya baba yako njo mimi nafula. Sasa vitambaa anafula yeye, kisha anavianika nyuma ya cherehani, fashi ya maficho, muntu hawezi kuona. Sababu gani?"

Baba yangu ni fundi cherehani. Anashona kanzu na kofia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, kinachotazama barabara ya sokoni, na wateja wake wengi ni watu wa kwetu, familia zilizotoka Maniema zamani za babu. Ni mtu wa maneno machache. Nilidhani mama amechoka tu na ukimya wake, nikacheka. Lakini mama hakuwa amemaliza. Alisema baba siku hizi anajifanya hasikii. Ukimwita akiwa amekupa upande wa kushoto, hajibu. Simu ikilia anaibandika sikio la kulia na kutoka nje. "Simu anaisikia," mama akasema. "Mimi hanisikii." Tena kila Jumanne saa nne anafunga mashine, anavaa viatu vizuri na kuondoka, na akirudi hasemi alikotoka.

Nilirudi kwangu na maneno hayo, na yakaanza kufanya kazi. Tangu siku hiyo, kila nilipoenda kwa wazazi nilikuwa namtazama baba kama mtu anayekagua noti kama ni bandia. Niliona kweli kwamba anageuza kichwa akisemeshwa. Niliona kweli kwamba mfukoni ana kitambaa kilichokunjwa mara nyingi, na akikitoa anakificha kwenye kiganja.

Jumanne moja niliyokuwa na ruhusa kazini, nilimfuata. Sioni fahari kulisema. Nilikaa mbali, nikajifunika mtandio vizuri, nikapita nyuma yake katikati ya soko, kwenye wauza nguo za mtumba na unga, hadi mtaa wa nyuma wenye nyumba ndogo za matofali. Alisimama kwenye mlango wa buluu. Hakubisha hodi mara mbili. Mwanamke alifungua, si kijana lakini si mzee, kitambaa cha kichwani kimefungwa kwa ustadi. Baba alivua viatu kama mtu aliyezoea, akaingia.

Nilisubiri kwenye kibanda cha muuza vocha za simu, nikijifanya nachagua. Ilipita karibu nusu saa. Alipotoka uso wake ulikuwa umelowa, macho mekundu, anajipangusa pua. Nikaamua kwamba amelia. Mwanaume anayelia kwa mwanamke wa nje, nikajiambia, huyo amezama. Mama sikumwambia yote. Nilimwambia tu kwamba huenda ana haki ya kuuliza. Hakuuliza. Katika nyumba yetu watu hawaulizani, wanachunguzana.

Uvimbe niliuona baadaye kidogo. Baba alikuwa ameinama anakata kitambaa, kola ya kanzu imefunguka, na chini ya sikio la kushoto nikaona kitu kama kokwa ya mchikichi kimesukuma ngozi. Nikamwuliza. Akafunga kola.

"Ni jino," akasema.

Kwenye zahanati walisema si jino, ni kifua kikuu cha tezi, wakampa vidonge. Alivimeza kwa utii mwezi baada ya mwezi, mkojo ukawa wa rangi ya machungwa, na uvimbe ukaendelea kukua. Hapo nikaanza kushuku zahanati nayo. Mtu hakohoi, hana homa ya jioni, hakuna mgonjwa nyumbani. Kifua kikuu gani hiki? Nililazimisha akatwe kipande cha tezi kipimwe.

Hapa niseme kazi yangu. Niko kwenye maabara ya tishu katikati ya mji, katika komuni ya Lubumbashi. Vipande vya miili ya watu vinanifikia vikiwa kwenye vichupa vya dawa ya kuvihifadhi. Navikausha maji, navizamisha kwenye nta, nta ikiganda naikata vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, navilaza juu ya kioo na kuvipaka rangi. Kazi yangu inaishia hapo. Anayesoma ni dokta, mkuu wetu, mzee wa asili ya Kasai aliyekaribia pensheni, mtu wa kupima kila neno kabla hajaliachia.

Kipande cha baba kilipofika, sheria ilikuwa nimpe mwenzangu akishughulikie. Sikumpa. Nilishuku mikono ya kila mtu siku ile: watachanganya vichupa, watakata vibaya, watasoma jina letu na kusimulia. Nikafanya mwenyewe, mlango umefungwa.

Daktari aliyemkata alikuwa amemwuliza mbele yangu, "Papa, unavuta?"

"Hapana."

"Pombe?"

"Mimi ni Mwislamu."

"Papa, hiyo si jibu."

"Sikunywa hata siku moja," baba akasema. Daktari alimtazama kama mtu wa forodha anavyotazama mzigo, akaandika. Na mimi, mtoto wake, nilikumbuka koti lake la zamani lililokuwa na harufu ya sigara nilipokuwa mdogo. Huenda ilikuwa harufu ya wateja. Siku ile sikutaka iwe ya wateja.

Mkuu wangu alisoma kioo asubuhi iliyofuata. Hadubini yetu ina macho ya watu wawili, akaniita nikae upande wa pili. Alikuwa anajua kioo ni cha nani. Jina la ukoo lilikuwa kwenye karatasi. Hakunigombeza.

"Ona, mama," akasema, kama anavyotuita wanawake wote wa maabara. "Hizi seli kubwa. Viini vyake vimepauka, na ndani ya kila kimoja iko nukta moja inakutazama. Mipaka hauioni, zimeshikana kama ugali. Na hizi ndogo nyeusi zinazozizunguka ni askari wa mwili. Ni wengi mpaka wanazificha zile kubwa. Muntu akisoma haraka anaweza kusema kansa ya tezi yenyewe, ao asione kansa."

"Si kansa ya tezi?"

"Nashuku hapana. Hizi ni wageni. Zimefika kwenye tezi, lakini nyumba yake iko fashi ingine. Nyuma ya pua, ao kwenye tonsili. Mara mingi kansa za namna hii ziko na virusi ndani yake. Ziko virusi vya aina mbili tunavyovifikiria, na kila kimoja kina kipimo chake."

Kipimo kimoja tungeweza kukifanya wenyewe, rangi iitwayo p16, na dawa yake ilikuwa imebaki kidogo. Cha pili kilihitaji kupeleka kipande cha nta nje ya nchi na kusubiri. Mkuu aliniagiza nipake rangi ile, na kesho yake angeisoma.

Sikungoja kesho. Jioni watu walipokuwa wanafunga madirisha, niliweka kioo chini ya hadubini peke yangu. Hapa na pale, kwenye zile seli kubwa, palikuwa na madoa ya kahawia. Nilitoka kwenye ujia nikatafuta kwenye simu maana ya rangi ile. Niliyoyasoma ni haya: rangi hiyo inaashiria virusi vya papiloma, vile vile vinavyoleta kansa ya mlango wa kizazi kwa wanawake, na watu wanaambukizana faraghani.

Basi. Vitambaa, simu inayojibiwa nje, mlango wa buluu, macho mekundu, na sasa rangi ya kahawia. Kesi ilikuwa imekamilika kichwani mwangu kabla sijafika kituo cha basi. Nilikwenda moja kwa moja Kampemba nikamwambia mama kwamba ugonjwa wa baba umeletwa na virusi vya watu wanaolala pamoja, na kwamba nimeona kwa macho yangu, kwenye kioo na kwenye mtaa.

Mama hakupiga kelele. Alinyanyuka, akaenda chumbani kwao, akatoa godoro lake jembamba na kulipeleka chumba cha nyuma. Kisha akampigia baba mkubwa, kaka yake baba, amwambie aje Ijumaa baada ya swala.

Ijumaa tukakaa sebuleni watu wanne. Baba mkubwa kwenye kiti, baba kwenye mkeka, mama karibu na mlango, mimi ukutani nikitamani niwe kwingine. Baba mkubwa alianza kwa kuzunguka, akasifu ndoa, akataja uvumilivu. Mama akamkatiza.

"Shemeji, samahani. Mimi nina swali moja." Akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakikunjua na kukilaza kwenye mkeka mbele ya baba. Kilikuwa cheupe, kimefuliwa, lakini katikati kulibaki doa la rangi ya waridi. "Hii ni rangi ya midomo ya nani?"

Baba alikitazama muda mrefu. Mabega yake yalianza kutikisika, na sikujua kama anacheka au analia. Nadhani alifanya yote mawili.

"Ya midomo," akasema. "Mama wa batoto, hii ni damu."

"Damu ya nani?"

"Yangu. Ya pua. Inatoka tangu mvua za kwanza. Kila asubuhi, upande huu." Akagusa pua upande wa kushoto. "Na sikio la upande huu limezibika, naisikia miluzi tu. Mbona unafikiri najibia simu inje? Humu ndani, na mashine na radio, sisikii kitu."

"Na Jumanne?" mama akauliza, sauti imeshuka.

"Kwa yule mama wa majani. Anachemusha majani, unajifunika blanketi unavuta mvuke. Alisema itafungua pua." Akatikisa kichwa. "Inauma macho tu."

Baba mkubwa akamwuliza kwa nini alificha. Baba alijibu kwamba fundi mwenzake mmoja, ilipojulikana ana kansa, wateja walianza kupeleka vitambaa kwingine, kana kwamba ugonjwa ungeshonwa ndani ya kanzu. Halafu akaninyooshea kidole, bila hasira.

"Tena huyu. Nilijua akisikia damu tu, atanipeleka kwenye labo yake, atanikatakata."

Nilikuwa nimesimama sasa. Alipotaja pua nilimsikia mkuu wangu akisema *nyuma ya pua*. Damu upande mmoja, sikio la upande huohuo, uvimbe wa shingo chini yake. Miaka yote nimekata na kupaka tishu za watu wa namna hiyo, nimenakili karatasi zao, na dalili zote tatu zilikuwa zinakula chakula na mimi Jumapili. Niliziona zote. Nilizisoma kama ushahidi wa uzinzi.

Lakini mama alikuwa bado na swali, na haki alikuwa nayo. "Na ile karatasi ya labo? Mutoto alisema ameona."

Wote wakanigeukia. Nikasema nitahakikisha.

Jumamosi nilimweleza mkuu yote: kwamba nilitazama kioo kabla yake, kwamba nilisoma kwenye simu, kwamba nilikwenda kusema nyumbani. Aliweka kalamu chini. Sijawahi kumwona amekasirika vile. Alizungumza Kifaransa kwanza, kwa muda, kisha akarudi kwenye Kiswahili ili nielewe vizuri.

"Rangi ile nimeisoma. Ni madoa tu, hapa moja, pale moja, tena dhaifu. Ili niseme papiloma, inatakiwa seli karibu zote zishike rangi, na kwa nguvu. Hii sikuiita chanya. Weye uliiita chanya."

Akaichukua kalamu tena.

"Na sikiliza, mama. Hata ingekuwa papiloma, virusi vile vinaweza kukaa ndani ya muntu miaka na miaka, tangu kabla ya ndoa. Tishu haisemi vilikuja lini wala kwa nani. Mikroskopi si tribinali ya ndoa."

Kisha, labda kwa sababu nililia, alipoa. Akanieleza jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Ndani ya kila seli, alisema, kuna jeni inayofanya kazi kama sentineli wa getini: seli ikiharibika, inaizuia isizaane. Kwa wavutaji na wanywaji wa miaka mingi, mara nyingi moshi na pombe vinamvunja sentineli mwenyewe. Ukisoma maandishi ya jeni hiyo unakuta makosa. Kwenye kansa za virusi, mara nyingi sentineli ni mzima, maandishi yake safi, ila virusi vimemkamata ama vimepita mlango mwingine. Ndiyo maana uvimbe unaofanana kwa macho unaweza kuwa na historia tofauti kabisa ndani.

"Na mimi?" nikamwuliza, mkono uko shingoni kwangu bila kujua. "Hayo makosa nimeyarithi?"

"Makosa tunayosema yalitokea ndani ya uvimbe, katika maisha yake. Hakuyabeba katika mbegu akakupatia. Iko familia chache ugonjwa huu unaonekana zaidi ya wengine, na sababu zote hatuzijui. Ukiona damu ya pua, usifule kitambaa. Kuya uniambie."

Majibu ya nje yalichukua wiki kadhaa. Nilikuwa nakwenda Kampemba kila jioni, na nyumba ilikuwa imejaa adabu isiyo ya kawaida. Godoro la mama lilibaki chumba cha nyuma. Karatasi ilipokuja, mkuu alinisomea yeye, hakunipa mkononi. Viini vya zile seli kubwa vyote vilikuwa vimeshika rangi nyeusi, na wale askari wadogo waliozizunguka walibaki weupe. Virusi vya aina ya pili, si papiloma. Daktari wa masikio na pua aliingiza bomba lenye kamera, akakiona kiota chenyewe cha kansa juu nyuma ya pua, upande wa kushoto.

Nilimweleza mama nikiwa nimekaa chini. Kwamba virusi hivi vinapita kwa mate. Kwamba karibu kila mtu anavipata akiwa mtoto, kikombe kimoja, kijiko kimoja, bibi anayemtafunia mjukuu chakula, na kwa wengi vinalala tu mpaka mtu anakufa kwa mambo mengine. Kwa nini kwa baba viliamka, hata dokta hajui vizuri.

"Mate," mama akasema. "Basi hata mimi niko navyo."

"Hata wewe. Hata mimi."

Kisha akaenda chumba cha mbele, nikamsikia akimwambia baba alete vile vitambaa vyote, sabuni yake haisafishi kitu. Hakuomba radhi kwa maneno mengine. Godoro lilirudi mahali pake siku hiyohiyo.

Tiba ya mionzi tuliamua kuifuata Zambia. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Kasumbalesa, mpakani, malori yalikuwa yamesimama mstari usio na mwisho, tukakaa ndani ya gari kwenye joto, yeye ana chupa ya maji kati ya magoti. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi kumwambia kwamba nilimfuata. Alinitangulia.

"Yule mama wa majani alikuona," akasema. "Kupitia pazia. Akaniambia, mutoto yako iko inje kwenye kibanda, umwite aingie. Nikamwambia, umwache. Akitaka kujua, ataniuliza mwenyewe."

"Kwa nini hukuniambia, baba?"

"Na weye?"

Malori yakaanza kusogea, tukavuka.

Walimtengenezea kinyago cha plastiki cha uso, wakamfunga nacho mezani kila siku asitikisike, na kati ya siku hizo wakamtilia dawa za mshipani. Mdomo ulimchubuka hata mate yake mwenyewe yakawa yanamwuma. Alikonda mpaka saa yake ikawa inazunguka mkononi. Ladha ya chakula iliondoka. Alisema samaki na karatasi ni kitu kimoja. Uvimbe wa shingo ulisinyaa kidogo kidogo, hadi siku moja nilipomsaidia kufunga vifungo vya kola nikapapasa na kukuta ngozi tu. Sikuamini. Nilipapasa tena.

Sasa yuko nyumbani. Anashona nusu siku, anakula kwa kuteremsha kila tonge kwa maji, na lile sikio halikurudi. Vipimo viwili vya kufuatilia vimetoka safi. Mama anasema safi. Mkuu wangu anasema "mpaka sasa hakuna kinachoonekana," na mimi niko upande wake.

Bahasha za majibu baba hanikabidhi. Anampa mama, ambaye Kifaransa hasomi, na mama anazihifadhi zikiwa zimefungwa hadi tuwe tumekaa wote sebuleni. Hapo ndipo napewa nifungue mbele yao. Nasoma mstari kwa mstari, natafsiri, naonyesha kwa kidole nilipofika. Safari iliyopita nilipomaliza, baba aliichukua karatasi, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kilichobaki, akanirudishia.

"Rudia," akasema. Nikaanza tena kutoka juu.